Kutu ya Majani na Macho Mekundu



Ndugu waamini na viongozi wa walei, kila msimu wa mvua, mahindi yanapofika kifuani, wengi wetu huliona jambo hili mashambani, kuanzia hapa Nyasubi hadi vijiji vya Msalala na Ushetu. Jani lililokuwa la kijani juzi leo limejaa vipele vidogo vya rangi ya tofali. Ukipitisha kidole juu yake, kidole kinabaki na unga mwekundu, kana kwamba umegusa bati la zamani lililoliwa na mvua. Ndiyo maana ugonjwa huo ukaitwa kutu. Nawe ukiinua macho, waona ng'ambo ya mpaka mahindi ya jirani yamesimama mazima.

Hapo ndipo swali linapozaliwa: kwa nini kwangu, na si kwake? Swali hilo si dhambi. Mungu ametupa akili ili tuulize. Lakini tumeketi katika vikao vya kutosha vya jumuiya kujua jinsi swali hilo linavyopotoka njiani. Lilianza kwa kuuliza “kwa nini”, baada ya siku mbili linauliza “nani”. Likisha kuuliza “nani”, hutafutwa jina. Na jina lipatikanalo upesi ni la bibi kizee aishiye peke yake, mjane asiye na kijana wa kumtetea, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi alizopikia watoto wetu kwa miaka hamsini.

Katika toleo hili tumeamua kueleza ugonjwa wa kutu kwa kirefu kidogo kuliko ilivyo desturi ya kijitabu cha Haki na Amani. Huenda mtu akasema hiyo ni kazi ya bwana shamba. Sisi twaona kwamba ni kazi ya Tume hii pia. Kwa maana mtu asiyekijua chanzo cha ugonjwa wa jani ni rahisi kumwuzia chanzo cha uongo, na katika mkoa wetu uongo huo umelipiwa kwa damu.

Kutu ni nini? Ni kuvu, kiumbe cha ukoo mmoja na uyoga na ukungu unaoota juu ya ugali uliolala. Kuvu huyu hawezi kuishi juu ya mti mkavu wala mavi ya ng'ombe kama wenzake; hula mmea ulio hai tu. Ule unga mwekundu ni mbegu zake, ndogo kupita vumbi, nazo hutoka kwa mamilioni katika jani moja. Upepo huzibeba mbali, hata kuvuka nchi. Zikitua juu ya jani lililolowa umande kwa saa kadhaa huota, hupenya ndani, na baada ya siku chache hutoa vipele vipya na unga mpya. Jani lililojaa vipele halitengenezi chakula cha kutosha, na gunzi hutoka jembamba.

Basi, mbona shamba la jirani limepona? Pengine alipanda mbegu ya aina nyingine yenye kinga. Pengine alipanda wiki tatu kabla yako, na kutu ilipofika mahindi yake yalikuwa yamekwisha kukomaa. Pengine shamba lako liko bondeni, ambako umande hukaa hadi saa nne asubuhi, na lake liko mwinuko ambako jua na upepo hukausha majani mapema. Hizo ndizo sababu za kutafuta kwanza, na kila moja yaonekana kwa macho na kupimika kwa mkono.

Si sisi wa kwanza kuogopa unga huu mwekundu. Warumi wa kale waliuogopa kiasi cha kuufanya mungu, wakamwita Robigus, na kila tarehe 25 Aprili walimfanyia sikukuu ili asiguse ngano yao. Katika ibada hiyo walichinja mbwa, na yasemekana walichagua mbwa mwenye rangi nyekundu, kwa kuwa kutu ni nyekundu. Mbwa yule hakuwa na kosa. Alifanana tu na ugonjwa kwa rangi. Kanisa lilipoenea Roma, tarehe hiyo hiyo iliwekewa maandamano ya Litania Kubwa; waamini walipita wakiwaomba watakatifu na kumsihi Mungu ayalinde mazao. Wazee wetu waliosali kabla ya mabadiliko ya liturujia ya mwaka 1969 huenda wakayakumbuka. Ibada ikabaki, mbwa akaachwa hai. Tuangalie basi, ndugu zangu: sisi tuliobatizwa, tukimchagua mama mzee kwa sababu macho yake ni mekundu, tumerudi nyuma ya Litania, tumerudi kwa mbwa wa Warumi, na tena tumefanya vibaya zaidi, kwa kuwa aliyeshikwa ni mfano wa Mungu.

Sasa tueleze kisa kimoja chenye mafunzo mengi. Ulaya kulikuwa na kichaka chenye miiba na matunda mekundu machachu, kiitwacho baberi. Watu walikipenda: walikifanya ua wa shamba, matunda yake walipika jamu, na mizizi yake ilitoa rangi ya manjano. Wahamiaji walipokwenda Amerika ya Kaskazini walikichukua, nacho kikatoroka nyuani kikaenea porini na kandokando ya mashamba. Wakulima wakaanza kuona jambo: ngano iliyo karibu na kichaka hicho hupata kutu kwanza, na hupata kutu mbaya zaidi. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na macho na kumbukumbu. Mwaka 1726 koloni la Connecticut likatunga sheria ya kuruhusu vichaka hivyo ving'olewe.

Wasomi wengi walicheka. Walisema ugonjwa wa kichaka na ugonjwa wa nyasi haufanani hata kwa rangi, iweje kimoja kizae kingine? Kule Denmark, mwaka 1816, mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, Niels Pedersen Schøler, alichukua majani ya baberi yaliyokuwa na vipele akayapaka juu ya mimea ya rai, nafaka iliyo jamii ya ngano. Baada ya siku chache mimea ile ile aliyoigusa ikapata kutu. Naye wakamdharau. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1865, ndipo mtaalamu wa Ujerumani, Anton de Bary, alipothibitisha kwamba kuvu ni yule yule: ana nyumba mbili, msimu mmoja huishi katika kichaka, msimu mwingine katika ngano na nyasi za porini, na katika kila nyumba huvaa vazi tofauti. Ndani ya kichaka ndimo anamooana na kuzaa aina mpya, zenye uwezo wa kuvunja kinga ya mbegu iliyokuwa salama jana.

Baada ya hasara kubwa ya ngano ya mwaka 1916, Marekani ilianzisha mwaka 1918 kampeni ya kung'oa baberi. Wakulima, maofisa na hata watoto wa shule walishiriki, na kazi iliendelea kwa miongo kadhaa hadi mamilioni mengi ya vichaka yakaondolewa. Kumbe adui alikuwapo muda wote. Alikuwa amesimama katika ua wa nyumba, akitoa maua mazuri, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyempanda.

Twajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, mkulima aliyesema “nimeona” alistahili kusikilizwa miaka zaidi ya mia moja kabla hajasikilizwa. Viongozi wetu na wasomi wetu wasidharau neno la mwenye jembe. La pili, mkulima yule alisema alichokiona shambani. Aliona kichaka, akataja kichaka. Hakwenda kwa mpiga ramli ili atajiwe jirani.

Afrika yetu nayo ina historia yake. Kutu ya mahindi ipendayo joto, iliyokuwa Amerika, ilionekana Afrika Magharibi mwaka 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Mahindi yetu hayakuwa yameizoea, yakaungua. Tunajiuliza ni vikongwe wangapi walinyooshewa kidole katika miaka ile kwa ugonjwa uliotoka ng'ambo ya bahari. Dawa haikutoka kwa mganga. Watafiti wa Muguga, nchini Kenya, akiwamo H. H. Storey, walitafuta katika mahindi ya Amerika aina zenye kinga, wakazichanganya na za kwetu. Vivyo hivyo, mwaka 1998 huko Uganda iligunduliwa kutu mpya ya shina la ngano, ikapewa jina la Ug99 kufuatana na nchi hiyo na mwaka 1999. Ilivunja kinga ambayo dunia ilikuwa imeitegemea kwa miongo mingi. Ikaonekana Kenya, kisha Ethiopia mwaka 2003, na mwaka 2009 ikathibitishwa hapa Tanzania. Mtaalamu maarufu wa ngano, Norman Borlaug, akiwa mzee wa zaidi ya miaka tisini, alisimama mwaka 2005 kuionya dunia. Upepo haukuuliza pasipoti, wala haukutumwa na mtu.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao twapenda waamini waujue, kwa sababu unaonyesha hekima ya Muumba. Kuvu wa kutu ni mchaguzi mno. Aliye wa mahindi hagusi maharage. Aliye wa kichaka fulani hafi njaa ila kichaka hicho kikitoweka. Kwa sababu hiyo wataalamu wameweza kumfanya mlinzi dhidi ya mimea vamizi.

Nchini Australia, katika jimbo la Queensland, ilikuwako miji ya machimbo ya dhahabu kama hii yetu ya ukanda wa Kahama na Geita. Watu wa miji ile, katika karne ya 19, walipenda kupanda mmea mmoja kutoka Madagaska, wenye maua mazuri na utomvu wa mpira, uvumiliao ukame, nao huitwa na wataalamu Cryptostegia grandiflora. Mmea ukatoka bustanini, ukashuka mitoni, ukapanda miti na kuifunika hadi ikafa, ukaziba malisho ya ng'ombe na njia za kwenda majini. Tena ni sumu kwa mifugo. Wachimbaji walikwisha kuondoka, dhahabu ilikwisha kuondoka, mmea ukabaki kuwa mzigo wa wafugaji. Hatimaye wataalamu walikwenda Madagaska, mahali ulikotoka, wakakuta kuna kutu iliayo mmea huo kwa asili. Waliijaribu kwanza juu ya mimea mingi mingine ili kuhakikisha haidhuru isiyohusika, kisha wakaiachilia katikati ya miaka ya 1990. Majani yakawa ya manjano, yakapukutika, mbegu zikapungua, na chini yake nyasi zikaanza kuota tena.

Sisi nasi tunatishwa na mgeni wa namna hiyo. Gugu karoti, lenye asili ya Amerika, lilionekana Arusha mwaka 2010. Majani yake yafanana na ya karoti, maua yake ni meupe na madogo. Huwasha ngozi, huleta mafua na pumu, huharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe aliyelila, na hufukuza nyasi za malisho. Husafiri kwa matope ya magurudumu, kwa majani ya mifugo, kwa gunia la mbegu lisilosafishwa. Nasi hapa tunakaa katika barabara kuu. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita mlangoni petu, na bandari kavu ya Isaka si mbali. Ni akili kulijua gugu hili kabla halijatuzoea. Nchini Ethiopia na Kenya wataalamu wamekuta juu yake kutu ya kwake yenyewe, impunguziayo nguvu na mbegu; lakini kutu hiyo hupenda nyanda za juu zenye baridi na umande, hivyo mahali pa joto na ukavu kama petu isitumainiwe kufanya kazi yote. Na kabla ya kuachilia kuvu yeyote kwa makusudi, haki yadai majaribio na ushauri wa wananchi. Gugu karoti ni ndugu wa alizeti. Mkulima wa alizeti wa Shinyanga ana haki ya kuuliza, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa, kama ndugu huyo yu salama.

Ndugu zetu, tukiyapima haya kwa mwanga wa imani, twarudi kwa mfalme Sulemani. Siku ya kuliweka wakfu Hekalu alisali, akataja mabaya yawezayo kuipata nchi: njaa, tauni, ukavu, koga ya mashamba, nzige. Koga hiyo ni ndugu wa kutu tunayoisema. Je, mfalme mwenye hekima kuliko wote aliomba Mungu amfunulie aliyeileta? Hapana. Aliomba kwamba kila mtu alijue pigo la moyo wake mwenyewe, ndipo anyooshe mikono kuelekea nyumba ya Mungu. Kidole kilielekezwa ndani kabla hakijaelekezwa nje. Naye Bwana wetu, katika mfano wa ngano na magugu, aliwazuia watumishi waliokuwa na haraka ya kung'oa. Haraka yao ingeng'oa na ngano.

Haraka hiyo twaijua. Sungusungu, walioanza katika wilaya zetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia wizi wa ng'ombe na ujambazi, walifanya kazi ambayo wengi waliishukuru. Lakini mahali pengine nguvu ile ile iligeuzwa juu ya wazee walioitwa wachawi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Amri ni njema, lakini amri haiingii ndani ya nyumba usiku wakati ndugu watatu wanaponong'ona juu ya shangazi yao. Anayeweza kuingia humo ni jirani Mkristo. Tuseme pia lisilopendeza: mara nyingine ugonjwa wa mahindi ni kisingizio tu, na kinachotafutwa ni shamba la mjane. Kutu iliyo juu ya jani huisha na msimu. Tamaa iliyo moyoni hukaa.

Kwa hiyo basi, twawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mambo haya machache. Mtu akileta habari ya shamba lililoharibika, jumuiya iende shambani kabla haijakaa kikao. Walishike jani, walipitishie kidole, wauone ule unga. Waulize ni mbegu gani, ilipandwa lini, maji yanakaa wapi. Wamwite afisa ugani wa kata. Na asipokuja, waandike na kudai aje, kwa kuwa huduma hiyo ni haki ya mkulima. Msimu ufuatao wasaidiane kupata mbegu yenye kinga na kupanda kwa wakati, na pembezoni mwa mashamba na barabara waondoe pamoja magugu ya kigeni kabla hayajatoa maua, wakivaa kinga mikononi. Mwenye maua mapya ya kupendeza katika ua wake ajue yametoka wapi.

Tena, kila jumuiya iwe na orodha ya wazee waishio peke yao, na iwatembelee. Hasa wakati wa mvua chache, wakati wa magonjwa ya mazao na baada ya msiba. Bibi anayetembelewa na wanajumuiya kila wiki, ambaye paa lake limeezekwa na vijana wa parokia, na ambaye jiko lake limetengenezewa tundu la kutolea moshi, si rahisi kumzushia neno. Macho yake yapate dawa ya hospitali. Na ye yote akisikia jina la mtu likitajwa kwa uchawi, asinyamaze hadi kesho: amwone katekista, amwone padre, amwone mwenyekiti wa mtaa, aende polisi. Anayenyamaza hapo hana mikono safi.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba mateso ya dunia na mateso ya maskini hayatengani. Hapa kwetu fundisho hilo laonekana shambani. Jani la mahindi limeugua, na mama mzee wa nyumba ya tatu halali usingizi, akisikiliza nyayo nje.

Tuwahi kwenda kwake kabla ya wengine. Tumwambie tumeliona jani, tumekijua chanzo, naye hana neno nalo. Kisha tuketi, tule naye.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.